Dakika Mbili Olomouc

Miaka thelathini na mitatu nimeendesha treni
na miji yote naijua kwa visogo vyake:
maghala, matangi ya maji, kabichi kando ya reli,
nguo za ndani za watu zikipunga kwenye kamba.
Olomouc kwangu ilikuwa dakika mbili na kipenga.
Kutná Hora, mahali pa kupunguza mwendo.
Telč sikuifika kabisa;
hiyo ni reli ndogo, ya kina Bohumil,
wale wa behewa moja tuliokuwa tukiwacheka kantini.

Sasa nimestaafu, na Jarmila kavunjika mguu
akitundika mapazia. (Nilimwambia asubiri.)
Plasta imemkalisha jikoni kama malkia mkali.
"Mtembea bure si sawa na mkaa bure," akasema,
"na wewe una tiketi ya bure na miguu miwili. Nenda.
Ukirudi unieleze. Kadi za picha sitaki,
kadi hata hapa kioski zipo."
Akaandika orodha nyuma ya bili ya umeme.

Telč: uwanja mrefu uliobanwa nchani
kama kipande cha keki aliyokata mchoyo.
Nyumba zimeshikana mabega, ya waridi, ya siagi,
kila moja na kofia yake ya harusi,
na chini yake varanda yenye matao
ambamo mvua ilinikuta na wastaafu wengine,
sote tukila soseji, sote tukijifanya twatazama ujenzi.
Nilihesabu milango; kwenye wa ishirini na tisa
mbwa akanivuruga.
Usiku Jarmila akauliza: "Ya tatu kushoto ina rangi gani?"
Nikasema kijani.
Kumbe aliwahi kufika, na kwaya ya shule,
msichana wa miaka kumi na sita.
"Kushoto," akasema polepole, "ukitokea wapi?"

Kutná Hora walinivisha koti jeupe na kofia yenye taa,
tukashuka walikochimba fedha watu wa kale,
fedha ile yenyewe, kabla haijawa noti.
Nyeupe, alisema Zdislava aliyetuongoza,
ni ili mchimbaji aonekane gizani akianguka.
Kisha akatuomba tuzime taa.
Mimi, niliyepita mahandaki nisiyoyahesabu,
sijawahi kukaa gizani bila breki mkononi.
Nikaitafuta breki. Nikashika kiwiko cha mtu.
Mwenyewe hakukiondoa.
Kanisa kubwa, lile lililoandikwa kwa herufi nene katika orodha,
sikuliingia. Nilikaa benchi la nje
nikinywa maji, nikitazama viatu vyangu vilivyo na matope.
Hilo nalo nilimwambia. Hakunikemea.
Alinisogezea bakuli la supu kwa gongo lake.

Halafu Olomouc.
Nilishuka. Nyuma yangu milango ikafunga, kipenga kikalia,
na mwili wangu mzima ukageuka kurudi garini
kama ng'ombe anayejua zizi.
Treni ikaondoka na kijana fulani usukani.
Uwanjani kuna saa kubwa ukutani mwa jumba la mji,
na penye watakatifu kama kwingine
hapa wamewekwa wafanyakazi, wenye nyundo na makoleo.
Adhuhuri ikagonga, wakaanza kuzunguka.
Nikatoa saa yangu ya kazi, kwa mazoea tu.
Dakika ya kwanza.
Ya pili. Nyayo zikaniwasha.
Ya tatu ilipoingia sikujua niifanyie nini,
nikavua kofia.
Bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akanitazama,
akadhani nasali, akapunguza sauti ya viatu vyake.

Nilifika nyumbani gizani.
Jarmila alikuwa macho, mguu juu ya kiti.
"Ulisimama wapi?"
Mbele ya saa, nikasema, mgongo wangu
umeelekea duka la miwani.
Akafumba macho.
"Haya. Nimefika," akasema. "Sasa geuka kushoto."