Isale kwa Mama Elinaja

Mizani ile ya kuning'inia, yenye ndoano na kaptula ya turubai,
bado ipo pale zahanati ya Pasua. Inalia vilevile: kwii.
Mwanao aligeukia kilio chake.
Jina lake uliliita mara nne,
hakugeuka.

Uliniambia, Aikande. Ulisema, "Sista, nikimwita
ni kama namwita mtoto wa jirani."
Nikaandika: kilo kumi na nukta mbili.
Nikaandika: surua, amepata.
Nyuma yako benchi limejaa, khanga zinanuka maziwa,
na mimi, kalamu mdomoni, nikakupa
jibu nililoachiwa na walionitangulia:
"Wavulana huchelewa. Atasema, mpaka umwombe anyamaze."
Ukacheka. Ulicheka kwa adabu.

Kadi ilikuwa na mstari wa uzito
na kisanduku cha matone ya vitamini.
Haikuwa na mahali pa kuandika
kwamba mtoto anapanga vizibo vya soda
kutoka mlangoni hadi kitandani,
chekundu, chekundu, cheusi,
na ukiondoa kimoja
nyumba nzima inabomoka.

Yaliyofuata niliyaokota vipande vipande
sokoni Kiboriloni, juu ya mafungu ya mshare:
walimkata udata, damu ikatoka, neno halikutoka.
Mchungaji akamwekea mikono, naye akaikimbia mikono.
Wifi yako akauliza ulikuwa ukitazama nini ukiwa na mimba.
Wakapima masikio. Mazima.
Baba yake akaenda Mirerani kuchimba, akasahau njia ya kurudi.
Wewe ukazunguka na faili, dirisha hadi dirisha:
njoo Jumanne,
daktari wa hayo yuko likizo,
umechelewa, mama.
Umechelewa! Wewe, uliyewahi kuliko sisi sote.

Miaka sita. Ndipo mtu akatamka: usonji.

Mimi neno hilo nililisikia kwenye semina ya siku mbili,
kati ya chai na maandazi.
Wakagawa karatasi ya maswali.
Je, anakuonyesha kitu kwa kidole?
Je, ukimwita jina, anageuka?
Andazi likanikwama kooni.
Somo hilo nilikuwa nimeshafundishwa,
na wewe, bure, umesimama, mtoto mgongoni.

Nikachuma isale kwenye mpaka wa shamba la marehemu mama,
nikalipiga fundo kama ninavyokumbuka,
nikapanda kuja kwako. Manyunyu. Viatu vya zahanati vikaloa.
Hukulipokea. Uliliangalia tu.
"Sista, isale halikataliwi, najua.
Lakini hili lilitakiwa lije likiwa bichi."

Elinaja ndiye aliyelichukua mkononi mwangu.
Hakunitazama. Akafungua fundo,
akalichana kwa kufuata mishipa yake, nyuzi sawasawa,
akazipanga kizingitini, ndefu hadi fupi.
Tukasubiri amalize. Alichukua muda wake.
Kisha ukasogea kwenye benchi, ukaniachia nafasi,
ukasema, "Hiyo ya kuniomba mimi iache.
Kawaulize wanaokuja."

Basi kila Jumatano, kabla ya mizani, nauliza.
Benchi linanung'unika. Foleni inafika getini.
Kadi bado haina mstari huo;
naandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo.
Wiki iliyopita amekuja Ndeshi, miezi kumi na minane,
anatazama feni, anatazama feni,
na mama yake kanieleza huku akiomba radhi,
kana kwamba kuona ni kosa.
Nimemwambia kuna mwalimu mmoja, chumba kimoja, watoto kumi na mmoja,
na zamu yao ni mwezi wa tisa.
Nimemwambia ukweli wote, hata huo wa mwezi wa tisa.
Nikampa na namba yako.

Simu ikilia usiku, Aikande,
usishangae.