Mkebe wa Halua

Kamati imeniomba historia, kurasa mbili,
kwa kijitabu cha mwaka wa ishirini na tano.
Wanataka tarehe. Wanataka picha ya mashine mpya.
Mimi mtunza hazina nina mkebe wa halua ya Barka,
kutu pembeni, na neno MOYO
limeandikwa kwa rangi ya kucha.

Tarehe ya kwanza haimo kwenye faili.
Ijumaa, baada ya alasiri, wadi kavu
nyuma ya nyumba zetu, Mawaleh.
Hilal, miaka kumi na tisa, aliuinamia mpira
auweke sawa kwa penalti. Hakuinuka.
Mtu alimvua viatu, vipya, akavipanga
kama mlangoni mwa msikiti.

Matangani wakasema kazi ya Mungu haina makosa.
Shangazi Muzna akaitikia, akamimina kahawa.
Siku ya nne akauliza:
Na Nasib wa Ibra, aliyeanguka na joho la harusi mabegani?
Na babu yao Sulaiman, kule Chake, hajafika arubaini?

Sisi watu wa nasaba.
Tende haijaisha mdomoni tumeshakutajia mababu kumi na wawili.
Tuliwahifadhi kwa posa, kwa mirathi, kwa kiburi pia.
Hakuna aliyewauliza walikufaje.
Muzna alipindua kalenda za benki, akaziunga kwa gundi ya unga,
akachora ukoo wa mumewe, sebule nzima,
na kila kijana aliyekatika ghafla, doa la wanja.

Dakta Kuriakose, Mmalabari, aliikunjua
juu ya kitanda cha wagonjwa, akavua miwani.
Mama, huu si msiba, huu ni utafiti.
Akamjibu kwa Kiswahili, akijua hasikii:
Ni vyote viwili, mwanangu.

Riali kumi na moja na baisa mia tano.
Mia tano hizo zangu, pesa ya sambusa ya shule.
Zilinunua karatasi za kupimia mapigo.
Kisha karani wa wizara: kuchangisha bila kibali ni kosa.
Miaka miwili ya mihuri.
Fomu ikauliza jina, tukagombana usiku kucha.
Bi Ghaniya akashikilia roho, maana nyumbani
twasema fulani anaumwa roho.
Zuwena akasema roho ni ya Mola, haipimwi,
moyo ndio nyama.
Kibao cha nje kikaandikwa kwa Kiarabu.
Mkebe ukabaki na lake.

Kijitabu kitasema jamii ilitupokea kwa mikono miwili.
Jamii ilitufungia milango.
Mtatuharibia posa, walisema. Nani ataoa
nyumba yenye moyo mbovu?
Ami Harith hakumsalimia Muzna miaka sita,
si Idi, si mazishini.
Mwaka wa saba, usiku, gari limezimwa taa,
mjukuu kalala kiti cha nyuma,
akasimama uani, kilemba mkononi:
Mpimeni.
Basi.

Mtoto alikutwa nao.
Leo ana kijidude chini ya mtulinga, ukubwa wa kashata,
naye ndiye katibu. Ndiye anayetaka kurasa mbili.

Muzna alikufa mzee, kwa figo.
Moyo wake, tulipoupima, ulikuwa mzima kabisa,
na jambo hilo hakulisamehe.

Nimehesabu familia mia tatu na nne,
kila risiti, kila baisa.
Jana niliikunjua ile kalenda kutafuta mwaka.
Tawi la mashariki, chini, karibu na mkunjo,
kuna jina langu, na pembeni, kwa mkono wake,
alama ya kuuliza. Wanja haujafifia.
Miaka yote hii nawaandikia watu miadi,
nawashikia mikoba wakilala kitandani.

Jumapili, saa tatu asubuhi.
Katibu, ulitaka tarehe.
Shika hiyo.