Ulimbo

Baba aliupika mwenyewe, jiko la nje,
nyuma ya mkahawa wetu mashariki mwa Kuprosi,
matunda yale ya kunata yakitokota na asali
mpaka kijiko kikasimama wima bila mkono.
Halafu fito, mia na zaidi,
akizichovya moja moja, akizianika
kama mtu anayetengeneza mishumaa ya kanisa.

Mwezi wa kumi, kabla ya alfajiri,
alitundika kipaza sauti kwenye mkomamanga
na ndege wa ndani ya mashine akaimba.
Waliotoka kaskazini, waliovuka nchi na bahari
kwa mbawa zisizozidi kiganja changu,
wakaisikia lugha yao gizani:
shukeni, hapa pana maji, hapa pana matunda.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wakaja. Mwenyeji akapona.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu, kapu.
Dume ana kofia nyeusi, jike ana ya kahawia,
uzito wao kama funguo mbili za nyumba.
Unamkuta ananing'inia kichwa chini,
bawa moja limeganda, la pili bado linabishana na hewa.
Kadiri anavyojinasua ndivyo anavyojifunga.
Baba alikuwa na kijiti cha meno
na alijua mahali pake shingoni.
Hakuwa mtu katili, Loizos babangu.
Mbwa wetu alipovunjika mguu
alilala naye ghalani siku tatu.

Asubuhi moja, yeye yuko ng'ambo ya ukuta wa mawe,
nilimtia mmoja kinywani.
Si kumla. Mjomba Savvas aliwahi kusema
ulimbo hausikii maji, husikia mate.
Nikalamba bawa, unyoya kwa unyoya,
utamu wa asali, kisha vumbi, kisha chumvi,
na moyo wake ukigonga kwenye meno yangu
kama mtu aliyefungiwa nje.
Akaondoka. Akaniachia unyoya wa mkia
umenata kwenye mdomo wa chini.
Nikautema kabla baba hajafika.

Wa pili nilimtia kapuni. Sijui kwa nini.
Na wa tatu. Na wote waliofuata.

Usiku, wateja kutoka Nikosia walifunga mapazia.
Hawakutaja jina; walisema tu, "Zile za msimu zipo?"
Zikaja, dazeni kwa sahani, vichwa na vyote,
zimefunikwa kitambaa
kana kwamba ndege ndio wenye la kuficha.
Daktari wa meno, mwalimu wangu wa dini,
mkewe aliyevua pete kwanza na kuipangusa,
wakatafuna mzima mzima,
mifupa ikilia kama majani makavu.
Ulimi hauna mfupa, husemwa.
Usiku ule ulikuwa nayo tele.

Mama akanisogezea mmoja. Nikala.
Ningependa kuandika kwamba nilitapika.
Ilikuwa tamu. Niliomba mwingine,
na ulimi ulioomba
ndio uleule uliomfungua yule wa asubuhi.

Sasa baba ana miaka themanini na moja,
faini mbili, na masikio yaliyostaafu.
Aliniapia kwamba ameacha.
Jumapili nampigia simu, tunazungumza
goti lake, kisima, bei ya viazi,
na nyuma ya sauti yake
nasikia ndege.
"Baba, umewasha?"
"Nini?"
"Nauliza, umewasha ile mashine?"
"Mvua? Bado," ananijibu, "mwaka huu imechelewa,"
na ndege anaendelea kuimba
vizuri mno,
bila hata kuvuta pumzi.