Kiri, e

Bi. Tokiko alikuja Hombolo kufundisha hesabu.
Jumamosi alitufundisha wembe.
"Kirie," alisema, akainua karatasi nyeusi,
na darasa zima likaangua kicheko:
tukiri nini, Mwalimu? Nani kaiba?

Usichore ng'ombe, alisema.
Toa kila kisicho ng'ombe.
Na kinachobaki kishikane:
pembe na mti, mti na kilima,
kilima na ukingo wa karatasi.
Kisichoshikwa kitaanguka.

Mimi nilielewa upesi. Baba alipogoa zabibu za watu,
nami nilimfuata nyuma nikiokota alichokata.

Wembe ule aliniachia. Mpini nimeuviringa mpira wa baiskeli.
Karatasi naomba kwa fundi wa eksirei,
zile zinazofunika filamu zisione mwanga.

Mwaka jana dada yangu Sechelela alikuja
na kuku kwapani. Malipo, alisema. Kwangu mimi, malipo!
"Nikate na Nyemo."

Nyemo hakuwahi kupigwa picha.
Alikaa nasi tangu palizi,
mavuno hakuyaona.

Nikamkata mgongoni mwa mama,
shavu limelala, mguu mmoja nje ya mbeleko.
Usiku, upepo ukitikisa bati.
Nilimwachia uzi mmoja tu wa kumshika,
mwembamba kama mshipa wa jani,
kutoka kisigino hadi kiunoni.

Bati likalia. Wembe ukapita.

Mtoto akaanguka mezani,
mzima, mweusi, mdogo kuliko kidole gumba.

Asubuhi nilimngoja na gundi mkononi.
Nikakiri.
"Acha," alisema.
Akamwokota kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa mate,
akamfunga pindoni mwa kanga,
fundo lile lile la nauli.
Picha yenye tundu akaenda kuitundika dirishani.

Dirisha lake linatazama mashariki.
Saa moja, kati ya madoa yote ya jua,
kuna moja ukutani lenye mguu nje.
Saa tatu limeshuka sakafuni,
limepita gunia la karanga,
linarudi taratibu upande wa dirisha.

Yule kuku (nilimrudisha, ningemlaje?)
hulidonoa akidhani mtama.

"Shii," Sechelela humfukuza kwa ufagio.
"Mwache. Anatambaa."