Tatu Nukta Tatu

Mita ilisema tatu nukta tatu.
Nikaiamini, kama unavyoamini salamu.

Ilikuwa Julai, Uyole, baridi ile ya kupasua midomo,
na ndani ya ghala la viazi la akina Mwansasu
kifaa changu kilikuwa kinakufa kila alfajiri,
kinafufuka, kimesahau usiku mzima,
kinaanza kuhesabu joto upya.
Viazi vikiharibika havipigi kelele.
Unasikia harufu tu, na magunia umeshayalipia.

Nikagusa mguu wa kwanza wa chipu: tatu nukta tatu.
Mguu wa ishirini: tatu nukta tatu.
Betri mpya, risasi inang'aa.
Ambakisye akaniwekea chai mezani, akacheka:
"Tumpe, kitu kizima unakitafutia ugonjwa."

Lakini mguu si tumbo.
Kati ya mguu na kile kipande cha silikoni
kuna uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
na baada ya uzi, vichochoro vya metali,
na kila kichochoro kina mtoza ushuru wake.

Nikakumbuka bomba la kwetu Itezi.
Tangi la kilimani limejaa, mtu wa maji anaapa limejaa,
na kweli limejaa.
Fungua usiku wa manane: maji yanaruka hadi ukutani.
Fungua alfajiri, mtaa mzima unanawa uso,
sisi wa nyumba ya mwisho tunapata pumzi ya bomba
na matone mawili yenye kutu.
Aliyepima tangi hajapima ndoo ya mama.
Aliyepima usiku amepima watu waliolala.

Nami nilikuwa napima chipu iliyolala.

Redio yake huamka mara moja kwa saa,
hupiga ukelele mmoja kuelekea mjini,
mfupi kuliko kope kugusana,
na alfajiri betri nayo baridi imeibana kifua.
Mita yangu, taratibu kama karani wa masjala,
inakusanya, inagawanya, inatoa wastani.
Wastani ni uongo wenye adabu.

Nilitamani kuingia ndani na sindano.
Haiwezekani. Kila sindano inayogusa inakunywa kidogo,
na unachosoma ni kilichobaki
baada ya wewe kuonja.

Basi ijipime yenyewe.
Ndani mwake kuna kijiwe cha mzani,
volti moja nukta moja, hakiyumbi ugavi ukiyumba.
Nikaandika mistari kumi na miwili:
redio ikiwa inapiga kelele, si kabla, si baada,
jilinganishe na kijiwe chako, uniambie.

Ila kijiwe chenyewe!
Kitabu cha kiwandani kinasema moja nukta moja,
kisha, kwa herufi za kuvizia,
zaidi au pungufu sehemu moja ya kumi.
Ni debe la Mwanjelwa lililobonyea kitako:
muuzaji si mwizi, ndivyo debe lilivyo,
lakini mahindi yako hayatajaa kwa sababu yeye ni mwema.
Nikapima debe. Dirishani, penye baridi. Kando ya jiko la mkaa.
Langu lilikuwa moja nukta sifuri saba.
La jirani yake, chipu ya kiwanda kilekile, moja nukta moja mbili.

Saa kumi na moja kasoro robo kifaa kikaandika:
mbili nukta sita.
Kisha kimya.
Na mita, palepale mguuni, bado inaapa.

Sikushangilia. Niliona aibu kidogo,
kama aliyemjulia hali mgonjwa akiwa mlangoni,
akajibiwa "salama," akaenda zake.

Nikalehemu kapasita kubwa, karibu kabisa na mguu,
ndoo ya kuchotewa usiku.
Kwenye daftari sikuandika *imepona.*
Niliandika: mbili nukta tisa nane, ikiwa kazini,
nyuzi sita za joto,
zaidi au pungufu sehemu mbili za mia.

Ambakisye akasoma juu ya bega langu.
"Hiyo zaidi au pungufu ni ya nani?"
"Yangu," nikasema.

Ukungu ulikuwa bado umeikalia Loleza.
Nikapuliza vidole, nikavuta chipu ya pili.