Upande wa Kushoto

Kwanza chomoa. Si kuzima tu: chomoa
plagi ukutani, kisha keti, ngoja.
Mwakio alikuwa akisema umeme ni mgeni
asiyeondoka mara tu unapomfungulia mlango;
husimama kizingitini akimalizia maneno.

Basi nangoja. Julai, Buruburu,
saa nane mchana na nje kama magharibi.
Wakesho amelala kifudifudi nyuma ya kabati,
ameshika simu yangu iwe tochi.
"Nyanya, huku kuna mende aliyekauka."
Mwache. Nimulikie spika.

Miaka mitatu ya kushoto haijasema neno.
Fundi wa Luthuli aliitazama amplifaya
kama daktari anayetaka kwenda kula.
"Mama, hii ni ya zamani. Tupa."
Nikakodi teksi, nikarudi nayo mapajani.

Nalegeza skrubu. Waya unatoka
na ncha yake si shaba tena,
ni kijani, kijani kile cha sarafu
iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti.
Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichoungua.
Ni hewa tu, na mvuke wa sufuria zangu,
na mimi kutogusa.

Nakata inchi moja iliyooza,
namenya ganda, nazisokota nyuzi zisitawanyike
kama unavyolainisha uzi kwa mate
kabla ya tundu la sindano.
Pamba ya masikio. Spiriti ya duka la dawa,
inayonukia sindano za utotoni.
Na kwa zile pini za nyuma, raba ya Wakesho ya shule:
inafuta kutu kama inavyofuta hesabu mbaya,
polepole, ikiacha makombo meusi.
"Utanirudishia?"
Kipande.

Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwa nyeusi.
Kaza, lakini usikaze kwa hasira,
nyuzi za shaba hukatika zikikasirikiwa.
Najua. Mwezi ule baada ya mazishi
nilivuta kila kilichovutika humu ndani
nikitaka nyumba inyamaze,
na ikanyamaza nusu.

Kitasa cha sauti nakizungusha mara ishirini
stima ikiwa bado imekatwa,
kushoto kulia, kushoto kulia,
kijisugue chenyewe ndani nisikoweza kufika.

Sasa plagi.
Mvumo mdogo, kama mtu anayeondoa kohozi.
Natia kaseti: kwaya ya Makadara, Jumapili ya mavuno.
Kulia wanawake, kama kawaida,
sauti zile nilizozizoea miaka mitatu
nikidhani ndio wimbo wote.

Halafu kushoto

besi.

Wanaume kumi na mmoja wa viatu vizito,
na mmoja wao, sina haja ya kuuliza,
anaingia mapema, nusu pigo kabla ya wenzake,
kama alivyoingia kila mahali:
kwenye foleni ya benki, mezani kabla ya sala,
kule Langata.

"Nani huyo anayekosea?" Wakesho anauliza,
utando wa buibui nyweleni.

Nainama. Najifanya naangalia waya.
Spika ya kulia, nasikia sasa, inakwaruza kidogo.
Kesho nitaifungua nayo.
Leo rudisha nyuma kaseti, mwanangu.
Pale pale. Kabla hajakosea.