Kila Karatasi na Tarehe Yake

Mwezi wa tatu karatasi ya kwanza ilivuka Ruzizi,
ikapanda Nyawera ndani ya bahasha yenye unyevu wa barafu:
nusu ya alama zetu ni zile zile, mimi na Zihindula;
seramu yake na chembe zangu zililazwa kitanda kimoja,
hazikugombana.
Mama alisoma neno hasi akaanza kulia.
Cibalonza wa maabara akamshika bega:
"Hapa, mama, hasi ndiyo heri.
Hapa hapana ndiyo ndiyo."

Tukaanza kutafuta dola.
Mjomba aliuza kiwanja cha Cimpunda kabla mmomonyoko haujakila,
kwaya ikazungusha kapu, cherehani yangu ikaenda.
Ubavu wa kushoto nikauita wa mgeni:
nililalia kulia, nisimwamshe.

Mwezi wa saba Zihindula akapauka kama unga wa muhogo.
Zikamshinda ngazi za nyumbani, themanini na mbili,
tunazozihesabu tangu utoto, ndoo kichwani.
Friji ya damu ilikuwa tupu.
Nikanyoosha mkono. Nani angenikataza?
Mfuko mmoja, na mwezi wa nane mwingine,
yote miwili ikiwa na joto langu bado.
Midomo yake ikarudi rangi. Akaomba bugali na sambaza,
akala mpaka vichwa.

Karatasi ya pili ilikuja mwezi wa kumi na moja.
Chanya.
Cibalonza hakuiamini. Siku za foleni
barafu huyeyuka mpakani,
na chembe zilizofia njiani husingizia watu.
Akavuka mwenyewe na mirija mipya, kisanduku mapajani,
akainamia darubini ya ng'ambo:
chembe zangu, ndani ya seramu ya ndugu yangu,
zilikufa moja moja, zikanywa rangi ya buluu.

"Basi ile ya kwanza ilidanganya?"
"Haikudanganya. Ilisema kweli ya mwezi wa tatu."
Kisha akauliza, polepole, kama anayefungua bandeji:
"Damu ya mwezi wa saba, alitoa nani?"

Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Hawakusema kwamba ina kumbukumbu,
kwamba ukiingia kwa ndugu bila hodi, hata kwa wema,
walinzi wake huchora uso wako ukutani
wakangoja urudi.

Leo anapimwa Ntakwinja, mtoto wa mjomba,
yule asiyelipa madeni, anayeogopa sindano.
Zihindula anauliza mbona si mimi tena.
Nimemwambia ni barafu. Ni foleni. Ni mashine zao.
Cibalonza anaandika tarehe kwenye mirija,
hainui uso.

Jioni nampandisha mgongoni, ngazi kwa ngazi.
Sitini na tisa. Sabini.
"Umekuwa na nguvu, dada," ananiambia sikioni.

Usiku bado nalalia kulia.